TUUJUE MTO SEBEYA: UNAKOTOKA, UNAKOKWENDA NA UNACHOTUDAI



Siku moja tulikuwa Gisenyi, pale Grande Barrière, tukiwangoja wenzetu wa upande wa Goma waliokuwa waje kwenye kikao. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu. Kijana mmoja wa tawi letu, mpakiaji wa mizigo, akatuuliza swali. Alisema, "Wandugu, mimi shuleni nilifundishwa kwamba nchi na nchi hutenganishwa na mto. Kule Rusizi kuna mto. Kule Rusumo kuna mto. Sasa hapa mto uko wapi?"

Wengine walicheka. Lakini lile halikuwa swali la kuchekwa, na tulimwahidi kwamba tutalijibu katika ukurasa huu. Mfanyakazi asiyejua maji yake yanatoka wapi ni sawa na mfanyakazi asiyejua mshahara wake unakatwa nini. Wote wawili watashtuka siku ya mwisho wa mwezi.

HAPA MPAKANI HAKUNA MTO

Tuanze na pale tuliposimama. Grande Barrière, ambayo wengi tunaiita barieri kubwa au La Corniche, iko kando ya Ziwa Kivu. Upande huu ni Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu. Upande ule ni Goma. Petite Barrière, barieri ndogo, iko juu zaidi kuelekea kaskazini, na huko ndiko akina mama wa nyanya, viazi na maziwa hupita kwa maelfu. Katikati ya miji hii miwili hakuna mto. Nyumba ya huku na nyumba ya kule zinaweza kutazamana dirisha kwa dirisha.

Sababu ni ardhi yenyewe. Goma imejengwa juu ya mawe ya moto yaliyopoa, yaliyomwagwa na mlima Nyiragongo. Tumeyaona wenyewe mwaka 2002 na tena mwaka 2021, mlima ulipopasuka na majirani zetu wakavuka mipaka hii wakiwa na magodoro kichwani. Mwamba wa namna ile una nyufa nyingi. Mvua ikinyesha, maji hayatembei juu yake yakafanya mto. Huzama chini kama maji yanayomwagwa kwenye chujio, yakatokea ziwani.

Nchi isiyo na mto ni nchi ngumu. Mwezi wa Julai 1994, mwishoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka huu kwa siku chache wakaingia Goma. Chini ni mwamba. Kisima hakichimbiki kwa jembe, wala shimo la choo halichimbiki. Watu walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha, kipindupindu kikaingia, na makumi ya maelfu wakafa kwa majuma machache. Tunakumbusha jambo hili ili tujue kwamba mto tulio nao upande wetu si kitu cha kupuuza.

Mto huo ni Sebeya. Kutoka barieri kubwa, ukifuata ufuko wa ziwa kuelekea kusini kwa kilomita sita au saba, unafika Rubona katika Nyamyumba, karibu na kiwanda cha bia. Hapo ndipo Sebeya unapoingia ziwani. Sisi tuliamua kuufuata kinyume, tukauona unakotoka, kisha tukarudi nao hadi chini. Haya ndiyo tuliyoyaona na kujifunza.

UNAKOZALIWA

Sebeya unazaliwa katika milima ya wilaya ya Rutsiro, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari. Huko baridi inauma hata mchana. Watu hulima viazi, hufuga ng'ombe, na asubuhi ukungu hukaa juu ya majani mpaka saa nne. Mto wenyewe ukiwa mchanga unaweza kuuruka kwa hatua moja. Mtoto wa shule anauvuka akiwa na daftari mkononi.

Milima hiyo ni sehemu ya mgongo mkubwa unaokata Rwanda kutoka kaskazini mpaka kusini. Wataalamu wanauita mgongo wa kugawa maji ya Kongo na Nili. Maana yake ni hii: tone la mvua likianguka upande wa magharibi wa mgongo, linashuka Ziwa Kivu na kwenda njia ya Kongo. Tone jirani yake likianguka upande wa mashariki, linashika mito mingine, linaingia Mukungwa, kisha Nyabarongo, kisha Akagera. Akagera unapita Rusumo, unagusa mashamba ya miwa ya Missenyi kule Tanzania, unaingia Ziwa Viktoria, na maji yake huishia Misri. Matone mawili yaliyoanguka hatua chache tu baina yao, moja linakwenda Bahari ya Atlantiki na moja Bahari ya Mediterania. Mkata miwa wa Missenyi na mchuma chai wa Rubavu wanagawana mlima mmoja, na pengine hawajawahi kusikiana.

UNAKOPITA

Kutoka Rutsiro, Sebeya unashuka kuelekea kaskazini ukikusanya vijito. Urefu wake wote unakaribia kilomita 50 tu. Kwa mto, huo ni ufupi. Lakini katika kilomita hizo chache unaporomoka zaidi ya mita 1,000, kwa kuwa uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi. Yeyote aliyewahi kubeba kapu la chai akishuka mteremko anajua maana ya jambo hilo. Mzigo ukishaanza kukusukuma, miguu haisimami.

Mto unafika Kanama, kwenye soko la Mahoko, ambako barabara kubwa ya kutoka Musanze kwenda Rubavu inapita. Hapo bonde limepanuka kidogo, na watu wamejenga karibu karibu, maduka kwa nyumba, nyumba kwa mashamba. Mito mingine nayo huja kuongeza maji, kama vile Karambo na Pfunda, inayotoka upande wa msitu wa Gishwati. Halafu unapita Nyundo, penye kanisa kuu la jimbo la Kikatoliki, unaingia Rugerero, na baada ya hapo unageukia magharibi kulitafuta ziwa.

Jina la Pfunda wafanyakazi wengi wanalijua kwa sababu ya chai. Majani ya kijani ya bonde hili ndiyo yanayolisha familia nyingi za wasomaji wetu. Chai inapenda mahali pa juu, penye mvua nyingi na udongo wa majivu ya volkano, na hapa vyote vipo. Mchumaji anaingia shambani alfajiri majani yakiwa na umande, anachuma majani mawili na kichipukizi, kapita anapima, na jioni kilo ndizo zinazosema atakula nini. Hakuna kilo bila mvua. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo tutakayoizungumza hapa chini.

MTO NAO NI MFANYAKAZI

Tukiuangalia Sebeya kwa macho ya kazi, tunaona kwamba unafanya zamu tatu kwa siku bila likizo.

Zamu ya kwanza ni umeme. Kwa sababu ya ule mporomoko, mto huu umefungwa mitambo ya umeme mahali kadhaa. Upo mtambo wa Gisenyi, ambao ni wa zamani. Upo wa Gihira, ulioanza mwaka 1984. Upo wa Keya, ulioanza mwaka 2011. Si mitambo mikubwa. Kila mmoja unatoa megawati moja mpaka mbili na kitu. Lakini taa nyingi na mashine nyingi za eneo hili zimezunguka kwa nguvu hiyo.

Zamu ya pili ni maji ya kunywa. Huko Gihira kuna mahali pa kusafishia maji ya mto huu, yakapelekwa mjini Gisenyi. Mama anayefungua bomba mjini anakunywa Sebeya, hata kama hajawahi kuuona. Mto ukijaa tope, mitambo ya kusafishia hulemewa, bomba hukauka, na foleni za madumu huanza.

Zamu ya tatu ni kulisha mashamba na kuhudumia viwanda vya bonde hili. Huko chini, Nyamyumba, ndiko kilikojengwa kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Vijana hawajui, lakini wazee wanakumbuka kwamba tangu mwaka 1963 gesi ya methani ilitolewa ziwani pale Rubona ikapelekwa kuchemshia mitungi ya kiwanda hicho. Ilikuwa kazi ya kwanza ya namna hiyo katika Ziwa Kivu. Karibu na hapo kuna chemchemi za maji ya moto ambako wafanyakazi hukandia migongo yao Jumapili.

Kwa hiyo mto mmoja unamulika, unanywesha, unalisha. Tunauliza: nani anaukagua? Nani anauhesabia siku zake za mapumziko? Mashine ya kiwandani isipopakwa mafuta hukwama. Mto nao ukifanyishwa kazi bila kutunzwa, una namna yake ya kugoma.

MAJI YANAKOISHIA

Kabla hatujafika kwenye mgomo huo, tumalize safari. Sebeya ukishaingia Ziwa Kivu haujafika mwisho. Ziwa lina urefu wa kilomita 90 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake kikubwa kinapita mita 470. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko upande wa kusini, kati ya Bukavu na Rusizi. Hapo unaanza mto Ruzizi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Wataalamu wa miamba wanatuambia kwamba zamani sana maji ya huku yalikuwa yakienda kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Nili. Kisha volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia kama ukuta. Maji yakapanda, yakapanda, mpaka yakapata upenyo wa kusini, miaka elfu kumi hivi iliyopita. Maji hufuata mkondo, lakini mkondo nao unaweza kubadilishwa. Hilo tulikumbuke.

Ruzizi una urefu wa kilomita 117 hivi. Kwanza unakuwa mpaka wa Rwanda na Kongo, baadaye unakuwa mpaka wa Burundi na Kongo. Nao umefungwa mitambo: Ruzizi I ya enzi za Wabelgiji, na Ruzizi II, ambayo ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo. Unapita tambarare ya Imbo, penye mashamba ya pamba na mpunga, unaingia Ziwa Tanganyika kati ya Bujumbura na Uvira. Kutoka Tanganyika maji hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, yakaingia Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo wenyewe, unaokwenda kuishia Atlantiki.

Kwa hiyo, kijana wetu wa barieri, jibu la swali lako ni hili. Pale uliposimama mto haupo kwa sababu mwamba umeumeza. Lakini maji ya Rwanda na maji ya Kongo yanachanganyika mbele yako ziwani bila kupigiwa muhuri. Mipaka hufungwa na kufunguliwa. Maji hayajawahi kusimama kwenye foleni.

USIKU WA MEI 2023

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tuandike.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha bila kukata juu ya milima ya magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Ardhi ilikuwa imeshashiba mvua za siku zilizotangulia, haikuweza kunywa tena. Maji yote yakashuka. Sebeya na ndugu zake wakajaa wote kwa mara moja, wakatoka vitandani mwao. Mahoko, Nyundo, Rugerero, kote maji yaliingia ndani ya nyumba watu wakiwa wamelala. Hata kanisa kuu la Nyundo liliingiliwa na maji na tope. Wilaya za Rutsiro, Rubavu, Karongi, Ngororero na Nyabihu ziliumia kuliko nyingine. Kwa nchi nzima watu zaidi ya 130 walikufa, na maelfu ya nyumba zikaanguka.

Siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 4 Mei, upande wa pili wa ziwa hili hili, katika Kalehe ya Kivu ya Kusini, mvua ilishusha mito juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Ziwa lilipokea waliokufa wa huku na waliokufa wa huko.

Miongoni mwetu walikuwamo waliokuwa zamu ya usiku. Mmoja alituambia kwamba alitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, akafika mtaani kwake akaona watu wamesimama juu ya barabara wakitazama chini. Alitazama nao. Alidhani wanatazama nyumba ya mtu mwingine, mpaka akauona mlango wake wa bati umekwama kwenye mti wa mparachichi. Mke na watoto walikuwa wametolewa na jirani kupitia dirishani. Wao walipona. Jirani wa pili hakupona.

Baada ya siku chache kazi ilianza tena. Mama mmoja mchuma chai alikuja ofisini kwetu na karatasi ya malipo. Siku nne hazikuandikwa. Alikuwa akizika na kutafuta vyombo vyake kwenye tope, na mwajiri wake alimhesabu kama mtoro. Tulikwenda, tukakaa, tukazungumza. Siku mbili zililipwa, mbili hazikulipwa. Tunasema wazi kwamba hatukuridhika.

KOSA LETU WENYEWE

Lakini ni lazima tuseme na jingine, maana gazeti la wafanyakazi lisilosema makosa ya wafanyakazi ni la bure. Katika kikao cha tawi, mwezi wa Machi mwaka huo huo, mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba maji yanakula ukingo nyuma ya nyumba za vibarua, na kwamba kila mvua inachukua hatua moja. Aliomba kikao kipeleke barua kwa uongozi wa sekta na kwa mwajiri. Mwenyekiti akasema hayo si mambo ya kazi, yaingie kwenye "Mengineyo". Tulikuwa na ajenda ya michango, na ya sare, na ya kuchagua katibu. Muda ukaisha. "Mengineyo" haikufikiwa.

Barua ile haikuandikwa. Nyumba zile hazipo. Hatuwezi kusema kwamba barua ingezuia mvua. Tunachosema ni kwamba mtu wetu aliona, akasema, na sisi tukamwambia si mambo ya kazi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

KWA NINI MAJI YANAKUJA KWA KASI

Wapo wanaosema ni mapenzi ya Mungu tu. Mvua ni ya Mungu, hatubishi. Lakini njia ya mvua mara nyingi ni ya watu.

Kwanza, msitu. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na ukubwa wa hekta 28,000 hivi. Ulikatwa kwa ajili ya malisho, miradi ya mifugo na mashamba ya misonobari katika miaka ya 1980. Baada ya vita na mauaji ya 1994, watu waliorudi nchini bila ardhi walikaa humo. Kufikia miaka ya 2000 mwanzoni zilibaki hekta 600 hivi. Msitu ni sponji. Hunywa mvua kisha huitoa polepole kwa miezi. Ukiuondoa, mvua ya saa moja inashuka kwa saa moja.

Pili, miteremko. Rwanda ni nchi ya watu wengi na ardhi kidogo. Watu wamelima mpaka kileleni, mahali ambapo mkulima akiteleza hufika bondeni kabla ya jembe lake. Udongo usioshikwa na mizizi wala matuta hushuka na maji. Ndiyo maana Sebeya wakati wa mvua huwa na rangi ya chai ya maziwa. Uchimbaji wa madini na mchanga katika vijito vya juu huongeza tope hilo.

Tatu, na hili linatuhusu sisi hasa, ni mahali mfanyakazi anapolala. Sheria inataka watu wasijenge ndani ya mita 10 kutoka ukingo wa mto. Basi kwa nini watu wamejenga? Tumewauliza. Jibu lao ni fupi: hapo ndipo chumba kina bei wanayoiweza, na hapo ni karibu na kazi. Kima cha chini cha mshahara cha faranga 100 kwa siku kilibaki kwenye vitabu vya sheria kwa zaidi ya miaka 40. Kila mtu alijua kwamba hakuna anayeishi kwa faranga 100, lakini hakikubadilishwa. Mfanyakazi hakuchagua ukingo wa mto. Mshahara ndio uliomchagulia.

Ndiyo maana tunasema mto ni jambo la kazi. Yule aliyesema ni "Mengineyo" alikosea, na sisi tuliomkubalia tulikosea pamoja naye.

YALIYOFANYWA

Haki itendeke kwa kusema pia mazuri. Kile kilichobaki cha Gishwati kilihifadhiwa pamoja na msitu wa Mukura kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba 34 hivi, na miti inarudishwa. Katika bonde la Sebeya, kuanzia mwaka 2019, Serikali pamoja na wafadhili, wakiwemo Waholanzi, walianza kazi ya kuchimba matuta ya ngazi, kupanda mianzi kingoni, kujenga kuta za mawe yaliyofungwa kwa nyavu za chuma, na kujenga bwawa la kupunguza kasi ya maji huko Kanama. Maelfu ya vibarua walipata kazi humo. Baada ya mafuriko, familia nyingi zilihamishwa kutoka kingoni. Nasi wafanyakazi tumeshika majembe katika umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Lakini bwawa likijaa tope halifai kitu. Mwanzi ukiliwa na mbuzi haushiki ukingo. Na mtu aliyehamishwa mbali na kazi, bila nauli, atarudi kupanga kingoni kwa siri. Kazi hii haijaisha.

TUNALOTAKIWA KUFANYA

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa matawi yote, na si wa Rubavu peke yake, wapeleke mambo haya kwenye vikao vyao, mwanzoni mwa ajenda:

1. Kila tawi litembee mto wake. Awe Sebeya, Ruzizi, Akagera, au kijito kisicho na jina nyuma ya kiwanda. Muandike mahali ukingo unapolika, nyumba za nani ziko hapo, na choo cha nani kinamwaga humo. Muwe na karatasi mkononi. Mwajiri huogopa karatasi kuliko kelele.

2. Katika mkataba wa pamoja kiwepo kifungu cha maafa. Mfanyakazi aliyepatwa na mafuriko, moto au maporomoko asihesabiwe mtoro. Siku hizo zilipwe. Lile la mama wa siku nne lisirudiwe.

3. Kamati ya usalama kazini isiangalie glavu na viatu tu. Sheria ya kazi ya Rwanda, Namba 66 ya mwaka 2018, inamdai mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi. Zamu ya usiku iwe na mtu wa kupokea habari ya hatari na kuwaarifu walio kazini na walio nyumbani. Filimbi na simu moja vinaweza kuokoa mtaa.

4. Tudai nauli au nyumba mahali salama. Kumhamisha mtu bila kumpa namna ya kufika kazini ni kumhamisha nusu.

5. Wa juu na wa chini wazungumze. Mkulima wa Rutsiro akifungua shamba bila matuta, anayelia ni mfanyakazi wa Rugerero. Kiwanda cha juu kikitupa uchafu, anayekunywa ni mama wa Gisenyi. Na sisi wa ufukoni tukichafua ziwa, tunamnywesha ndugu wa Goma, maana kule kinywaji chao ni ziwa hilo. Tutume wajumbe kwa vyama vya wakulima, na tuwaalike wenzetu wa Kongo.

Wengine watasema chama cha wafanyakazi kina mambo mengi, mto wauachie wenyewe wa mazingira. Tunawajibu kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sebeya wenyewe pale unapozaliwa unarukwa na mtoto. Unapata nguvu kwa sababu kila kijito kinachoshuka kinajiunga, hakuna kinachosema hayo si mambo yangu. Tukijifunza hilo tu kutoka kwake, tutakuwa tumelipa sehemu ya deni.

Yule mjumbe wa Machi 2023 bado yuko nasi. Sasa anapanga chumba mbali na mto, anatembea saa nzima kwenda kazini na saa nzima kurudi. Katika kikao kilichopita aliomba tena nafasi ya kusema kuhusu ukingo, mahali pengine, karibu na daraja. Safari hii ajenda yake iliwekwa namba moja. Barua imeandikwa, nakala tunayo, na tunangoja jibu. Likija, au lisipokuja, tutawaarifu hapa hapa.

Umoja ni nguvu.